Dhoruba za Usiku Ziwa Victoria: Zinavyozaliwa, Zinavyotabiriwa na Utulivu Unaozifuata

Jua linapozama, mialo ya Mwanza, Mara, Geita na Kagera haifungi kazi. Kwa wavuvi wengi ndipo kazi inapoanza. Wavuvi wa dagaa husukuma mitumbwi majini na kuwasha taa, iwe karabai za zamani au taa za sola za siku hizi, kwa kuwa dagaa huifuata nuru iliyo katikati ya giza. Wavuvi wa sangara hutega nyavu jioni na kuziopoa kunapopambazuka. Mwezi unapokuwa mpevu taa hazina mvuto mkubwa kwa dagaa, hivyo wengi hupumzika. Kazi kubwa hufanyika katika usiku wa giza, wakati ambapo jicho haliwezi kuliona wingu linalopanda upande wa pili wa maji.

Saa hizo ndizo saa ambazo Ziwa Victoria huzaa dhoruba zake kali. Tofauti na nchi kavu, ambako mvua za ngurumo na radi hunyesha zaidi alasiri na jioni, juu ya ziwa mvua hizo hukusanya nguvu usiku wa manane na kufikia kilele kuelekea alfajiri na asubuhi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) limekuwa likitaja makadirio ya watu kati ya 3,000 na 5,000 wanaopoteza maisha kila mwaka kwa ajali katika ziwa hilo, na upepo mkali na mawimbi ni miongoni mwa sababu kuu.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa aliye ziwani usiku, dalili hiyo mara nyingi huonekana ikiwa imechelewa. Kwa sababu hiyo utabiri wa dhoruba za usiku unapaswa kumfikia mvuvi kabla hajaondoka ufukweni. Utabiri huo una pande mbili: kujua dhoruba itaanza lini, na kujua imekwisha lini kwa hakika. Upande wa pili husahaulika, ingawa utulivu uliosomwa vibaya ni hatari kama dhoruba yenyewe.

Kwa nini ziwa hungoja usiku

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na limegawanyika kati ya Tanzania yenye asilimia 51, Uganda asilimia 43 na Kenya asilimia 6. Liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,130, karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Kwa ukubwa huo, ziwa halipokei tu hali ya hewa kutoka kwingine, bali hutengeneza ya kwake.

Chanzo cha yote ni tofauti ya namna maji na ardhi vinavyotunza joto. Mchana ardhi hupata joto haraka, nayo hewa iliyo juu yake hupanuka na kupanda. Hewa yenye ubaridi kiasi kutoka juu ya maji huvuma kuelekea nchi kavu kujaza nafasi hiyo. Huo ndio upepo wa ziwani. Mawingu hujengeka juu ya ardhi, hasa palipo na milima na miinuko inayoisukuma hewa juu zaidi, kama ilivyo katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Picha za setilaiti za alasiri mara nyingi huonesha ziwa likiwa kama shimo jeusi lisilo na wingu, lililozungukwa na pete ya mawingu meupe.

Usiku hali hugeuka. Ardhi hupoteza joto lake upesi, na katika usiku mwingi miji ya kando ya ziwa hupoa hadi chini ya nyuzi joto 20. Maji hayapoi kwa kasi hiyo. Uso wa ziwa hubaki na takriban nyuzi joto 25 usiku kucha. Sasa hewa ya ziwani ndiyo yenye joto na unyevunyevu mwingi, nayo hupanda. Upepo wa nchi kavu huanza kuvuma kutoka pande zote za ufukwe kuelekea katikati ya maji. Kwa kuwa ziwa lina umbo la duara kiasi, pepo hizo hukutana. Zikishakutana hazina pa kwenda isipokuwa juu, na hapo mawingu makubwa ya ngurumo huanza kujengeka.

Hiyo ndiyo sababu jioni tulivu yenye anga safi si ahadi ya usiku mwema. Utulivu wa jioni ni kipindi kifupi ambacho upepo wa ziwani umekoma na ule wa nchi kavu haujaanza. Mvuvi anayeondoka ufukweni saa 12 jioni huondoka katika saa ambayo ziwa hutoa dalili chache kuliko saa nyingine.

Kwa nini Bukoba hupata mvua kuliko Musoma

Kama makutano hayo ya upepo yangekuwa katikati ya ziwa kila siku, pande zote zingepata mvua sawa. Hali haiko hivyo. Upepo mkubwa wa ukanda huu huvuma zaidi kutoka mashariki, hivyo huisukuma hewa yenye unyevu, pamoja na mawingu yanayozaliwa juu ya maji, kuelekea magharibi na kaskazini-magharibi. Matokeo yake yanaonekana katika vipimo vya mvua. Bukoba, iliyo ufukwe wa magharibi, hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Musoma iliyo ufukwe wa mashariki hupata chini ya nusu ya kiasi hicho. Kwa wakazi wengi wa Kagera, kuamshwa alfajiri na ngurumo ni sehemu ya maisha.

Mvua hizo si balaa tupu. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria hutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya uso wake. Mito yote kwa pamoja huchangia sehemu iliyobaki. Samaki, usafiri na maji yanayotoka Jinja kuingia Mto Nile hutegemea kwa kiasi kikubwa mawingu hayo ya usiku. Dhoruba inayohatarisha mtumbwi ndiyo pia inayolijaza ziwa, na kwa hiyo suala si kutamani zisitokee, bali kujua zinatokea lini na wapi.

Dhoruba za usiku huweza kutokea mwezi wowote, lakini huwa nyingi zaidi katika misimu ya mvua ya Kanda ya Ziwa, yaani Vuli ya Oktoba hadi Desemba na Masika ya Machi hadi Mei, wakati Ukanda Mvua unapopita eneo la Ikweta na kuongeza unyevunyevu angani. Kati ya Juni na Agosti hewa huwa kavu zaidi na dhoruba hupungua.

Kinachotokea ndani ya wingu

Wingu la ngurumo ni mtambo unaoendeshwa na joto. Hewa yenye unyevu inapopanda hupoa, mvuke hugeuka kuwa matone, na ugeukaji huo hutoa joto linaloisukuma hewa kupanda zaidi. Katika maeneo ya Ikweta wingu la aina hiyo huweza kufika urefu wa zaidi ya kilomita 15. Sehemu yake ya juu huwa na baridi kali na kujaa chembe za barafu. Chembe hizo zinapogongana, chaji za umeme hutengana ndani ya wingu, na radi huzaliwa.

Hatari kubwa kwa vyombo vidogo, hata hivyo, haitoki juu ya wingu bali chini yake. Mvua kubwa inapoanza kushuka huivuta hewa baridi pamoja nayo. Hewa hiyo nzito hugonga uso wa maji na kutawanyika kwa kasi pande zote, ikitanguliwa na ukingo wa upepo mkali. Ukingo huo huweza kumfikia mvuvi akiwa bado kilomita kadhaa kutoka palipo na mvua. Hewa iliyokuwa na joto hugeuka baridi ghafla, upepo hubadilika mwelekeo, na mawimbi huumuka ndani ya muda mfupi. Kwa kuwa kina cha wastani cha ziwa ni takriban mita 40 tu, mawimbi yake huwa mafupi na yenye kufuatana kwa karibu, jambo linaloupa taabu mtumbwi mrefu uliosheheni nyavu na samaki.

Wingu moja peke yake kwa kawaida huishi kati ya nusu saa na saa moja. Lakini hewa baridi inayotoka chini yake huinua hewa ya joto iliyo mbele, na mawingu mapya huzaliwa kandokando ya yale yanayokufa. Mkusanyiko wa namna hiyo huweza kudumu kwa saa nyingi na kuvuka sehemu kubwa ya ziwa.

Mtabiri hufuata nini

Hakuna kifaa kimoja kinachoweza kutabiri dhoruba ya usiku. Mtabiri hufanya kazi kwa hatua, na kila hatua hujibu swali tofauti.

Siku moja kabla, swali ni iwapo mazingira yanaruhusu dhoruba. Hapo hutumika modeli za kompyuta zinazokokotoa mwenendo wa anga kwa kuigawa katika vyumba vidogovidogo. Modeli za dunia nzima, ambazo vyumba vyake vina upana wa kilomita nyingi, huonesha vyema mwelekeo wa upepo mkubwa na kiasi cha unyevunyevu, lakini hupata shida kuuona upepo wa nchi kavu na wa ziwani. Modeli za kikanda zenye vyumba vya kilomita chache huweza kuiga mawingu ya ngurumo yenyewe. Hata hivyo, hazitarajiwi kutaja mahali hasa dhoruba itakapopiga. Huonesha eneo lenye uwezekano mkubwa na saa zinazotia wasiwasi.

Alasiri, swali ni nchi kavu inafanya nini. Watafiti wakiongozwa na Wim Thiery walionesha, katika kazi zilizochapishwa mwaka 2016 na 2017, kuwa dhoruba kali za alasiri juu ya ardhi inayolizunguka ziwa hutoa ishara ya ukali wa dhoruba za ziwani usiku unaofuata. Ugunduzi huo una thamani kubwa kwa sababu ishara hiyo huonekana kwenye setilaiti mapema, mvuvi akiwa bado ufukweni. Utafiti huohuo wa 2016 ulionya pia kuwa, gesijoto zikiendelea kuongezeka kwa kiwango cha juu, dhoruba zilizo kali kupindukia juu ya ziwa zitaongezeka nguvu kuelekea mwisho wa karne hii, tena kwa kiwango kikubwa kuliko zile za nchi kavu.

Usiku, swali ni dhoruba iko wapi na inaelekea wapi. Hapa ndipo panapoingia utabiri wa muda mfupi sana, unaohusu saa chache zijazo. Setilaiti za Meteosat, zinazoitazama Afrika muda wote, hupiga picha kila baada ya dakika chache. Usiku picha hizo hutumia mionzi ya joto, hivyo giza si kikwazo: kadiri kilele cha wingu kinavyokuwa cha baridi, ndivyo wingu lilivyo refu. Kilele kinachopoa haraka kati ya picha moja na nyingine huashiria dhoruba inayokua. Setilaiti ya kizazi kipya iliyorushwa Desemba 2022 imebeba pia kifaa cha kuhesabu miale ya radi kutoka angani, ikiwemo inayotokea juu ya maji yasiyo na kituo chochote cha kupimia.

Rada ya hali ya hewa iliyopo Mwanza huongeza kile ambacho setilaiti haikioni. Setilaiti hutazama paa la wingu; rada hutuma mawimbi yanayopenya ndani na kurudi yakiwa na habari za mvua iliyomo, kasi yake na mwelekeo wake. Nayo ina mipaka. Kwa sababu dunia ni mviringo, mwali wa rada hupanda juu zaidi ya uso wa maji kadiri unavyokwenda mbali, hivyo kwa umbali mkubwa huweza kuruka juu ya upepo hatari ulio chini ya wingu. Ndiyo maana vituo vya ardhini na vya visiwani, ambavyo hupima upepo, joto na mgandamizo wa hewa, bado ni vya lazima. Kushuka kwa joto kwa ghafla kukiambatana na kupanda kwa mgandamizo katika kituo kimoja ni taarifa kwa mialo yote iliyo mbele ya dhoruba.

Namna ya kuisoma tahadhari

Nchini Tanzania jukumu la kutoa utabiri na tahadhari ni la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 2 ya mwaka 2019 baada ya kufanya kazi kwa miaka mingi kama wakala wa Serikali. Tahadhari za hali mbaya ya hewa hutolewa kwa ngazi tatu zenye rangi: Angalizo kwa njano, Tahadhari kwa rangi ya chungwa na Tahadhari Kubwa kwa nyekundu.

Rangi hizo hazipimi wingi wa mvua peke yake. Huunganisha mambo mawili: uwezekano wa hali hiyo kutokea na ukubwa wa athari zake endapo itatokea. Angalizo la njano linaweza kumaanisha athari kubwa yenye uwezekano mdogo, au athari ya wastani yenye uwezekano wa wastani. Kwa hiyo msomaji hapaswi kuishia kwenye rangi; asome pia maelezo ya uwezekano, athari, eneo na saa. Kwa kawaida mvua hutajwa kuwa kubwa inapozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na kwa vyombo vya majini tahadhari hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2.

Utoaji wa utabiri mahususi kwa watumiaji wa ziwa ulipata msukumo mkubwa kupitia mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 kwa ufadhili wa Uingereza na uratibu wa WMO, ukizihusisha taasisi za hali ya hewa za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Mwaka 2019 wataalamu walifanya kipindi maalumu cha vipimo kuzunguka ziwa, na rada ya Mwanza ilikuwa miongoni mwa vifaa vilivyotegemewa. Funzo kubwa la mradi huo lilihusu watu zaidi kuliko mitambo. Utabiri ulio sahihi lakini ulioandikwa kwa lugha ya kitaalamu na kufika baada ya mitumbwi kuondoka haumwokoi mtu. Ndiyo maana taarifa ziligawanywa kwa maeneo ya ziwa na vipindi vya siku, zikafafanuliwa kwa alama na lugha zinazoeleweka, na kupitishwa kwa redio za jamii na viongozi wa mialo.

Lipo pia suala la tahadhari isiyotimia. Dhoruba inaweza kutabiriwa kwa eneo fulani ikapiga kilomita 40 kutoka hapo. Mvuvi aliyebaki nyumbani huona amepoteza kipato cha usiku mzima bure. Hasara hiyo ni halisi, na inaeleza kwa nini imani hupungua tahadhari zinapozidi. Lakini tahadhari ya uwezekano si kiapo. Ikisemwa kuwa uwezekano ni wa wastani, maana yake ni kwamba katika baadhi ya siku za namna hiyo dhoruba haitafika. Thamani ya tahadhari hupimwa kwa usiku mwingi, si kwa usiku mmoja.

Utulivu unaofuata na namna ya kuupima

Kila dhoruba hufikia mwisho, na sababu ya mwisho wake imo ndani yake. Hewa baridi iliyoshuka pamoja na mvua hutandaa juu ya maji na kuifunika ile hewa ya joto iliyokuwa ikililisha wingu. Kukicha, ardhi huanza kupata joto tena, upepo wa nchi kavu hukoma, na makutano ya upepo juu ya ziwa huvunjika. Ikifika kati ya saa tatu asubuhi na adhuhuri, mara nyingi mawingu huwa yametawanyika. Hewa hushuka juu ya ziwa, na hewa inayoshuka haijengi mawingu.

Mtabiri anayetaka kujua kama dhoruba inakwisha huangalia dalili kadhaa kwa pamoja: vilele vya mawingu kwenye setilaiti vinapata joto na kulegea, mwangwi wa mvua kwenye rada unafifia, idadi ya radi inashuka, na vituo vya ufukweni vinaripoti upepo uliopungua. Jambo la mwisho analotazama ni kama kuna mawingu machanga yanayozaliwa nyuma ya yale yanayokufa. Bila uhakika huo, kuondoa tahadhari mapema ni hatari kuliko kuchelewa kuitoa, kwa sababu humwita mtu majini.

Kwa aliye ziwani au ufukweni, utulivu huja kwa sura zaidi ya moja, na kila moja ina maana yake.

Kwanza ni ukimya wa kabla. Upepo unaoelekea kwenye dhoruba inayokaribia huweza kulegea kwa muda mfupi, maji yakaonekana laini, kisha ukingo wa hewa baridi ukafika. Ukimya wa namna hiyo, ukiambatana na mianga ya radi upande mmoja wa anga, si ishara ya usalama bali ya kutafuta ufukwe ulio karibu.

Pili ni mvua nyepesi inayofuata kilele. Mvua kubwa ikishapita, mabaki ya wingu hubaki yametanda na kudondosha manyunyu kwa saa moja au zaidi. Wengi huona kuwa hatari imekwisha. Upepo kweli huwa umepungua, lakini mabaki hayo bado yana chaji, na radi chache zinazotoka humo huweza kusafiri mbali na kupiga mahali ambapo mvua imekoma. Kanuni inayokubalika duniani ni kungoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho kusikika. Ngurumo nyingine ikisikika ndani ya muda huo, hesabu huanza upya.

Tatu ni anga safi juu ya maji yaliyochafuka. Mawimbi hayakomi siku upepo unapokoma; nguvu iliyoingia majini huchukua saa kadhaa kuisha, na mawimbi huweza kufika katika fukwe ambazo hazikupata tone la mvua. Jua la asubuhi juu ya mawimbi hayo limewahadaa wengi kuvuka kati ya visiwa na bara kabla ya wakati.

Nne ni mchana mwema unaofuata. Huo ndio utulivu wa kweli, na ndio wakati unaofaa zaidi kwa safari fupi, ingawa upepo wa ziwani wa alasiri nao huinua mawimbi ya kiasi. Katika miezi ya kiangazi, upepo wa kusini-mashariki huweza kuchafua maji bila wingu lolote la ngurumo, hivyo kupungua kwa dhoruba hakumaanishi ziwa limelala.

Ipo pia dhana kwamba dhoruba kubwa ya jana imelimaliza ziwa nguvu, hivyo usiku wa leo utakuwa salama. Ziwa halifanyi kazi hivyo. Maji yana hazina kubwa ya joto, na hewa iliyopozwa usiku hupashwa tena ndani ya saa chache. Hali ya upepo na unyevunyevu isipobadilika, dhoruba huweza kurudi usiku wa pili na wa tatu. Kila jioni huhitaji utabiri wake.

Mambo ya kuzingatia

Kwa kuunganisha sayansi hiyo na maisha ya kila siku, yapo mambo machache ambayo kila mtumiaji wa ziwa anaweza kuyafanya:

Kusikiliza utabiri wa jioni kabla ya kuondoka ufukweni, kisha kuuliza saa na eneo, si rangi pekee.

Kutazama nchi kavu alasiri. Mawingu makubwa ya ngurumo yaliyozagaa juu ya ardhi mchana ni sababu ya kuwa makini zaidi usiku.

Kuhesabu sekunde kati ya mwanga wa radi na ngurumo yake, kisha kugawa kwa 3 ili kupata umbali kwa kilomita. Sekunde 15 ni kilomita 5 tu, na hesabu inayopungua kila mara inaonesha dhoruba inakaribia.

Kulichukulia badiliko la ghafla la upepo kuwa baridi kama amri ya kuacha kazi. Nyavu zinaweza kutafutwa kesho.

Kuvaa jaketi la kujiokolea tangu ufukweni. Ukingo wa upepo haumpi mtu nafasi ya kulitafuta chini ya nyavu.

Kumwachia mtu aliye ufukweni taarifa ya eneo la uvuvi na saa ya kurejea, na kubeba simu iliyochajiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Baada ya dhoruba, kungoja dakika 30 za ukimya wa ngurumo, kisha kuyatazama maji yenyewe na si anga pekee, kabla ya kuanza safari.

Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza lengo la kuhakikisha kila mtu duniani anafikiwa na mifumo ya tahadhari za mapema ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Katika Ziwa Victoria lengo hilo litapimwa mwaloni, jioni, katika muda mfupi kati ya kupakia nyavu na kusukuma mtumbwi majini. Taarifa ikifika katika muda huo, ikieleweka na kuaminiwa, mvuvi huwa na uchaguzi: kwenda, kukaa karibu na ufukwe, au kungoja utulivu wa asubuhi. Ikichelewa kwa saa tatu, hata iwe sahihi namna gani, itamkuta akiwa peke yake na taa yake gizani.